Maswali 300 nimeyamaliza, mbona mbele ya msaili mdomo unakuwa mzito?

*Shikamoo dada. Nina miaka 26, nyumbani ni Newala ila kwa sasa naishi Chikongola, Mtwara mjini. Nimesoma sayansi ya kompyuta, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitengeneza programu za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za korosho. Nimeitwa kwenye usaili wa uhandisi wa programu na kampuni kubwa ya teknolojia ya nje. Zimebaki wiki 7. Raundi ya kwanza ni dakika 45 kwa video. Nikivuka, zinafuata nyingine 4. Nimeshafanya maswali ya mazoezi zaidi ya 300. Nikiwa peke yangu nayatatua, lakini rafiki yangu akikaa pembeni kunijaribu, naona giza na mdomo unakuwa mzito. Je, niongeze mpaka 500? Na hizi kazi zangu za korosho nizitaje, au watanidharau?*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa. Usiongeze maswali. Mtu aliyetatua 300 akiwa peke yake tayari anajua cha kutosha kuvuka raundi ya kwanza. Ulichopungukiwa umekiandika mwenyewe kwenye barua, kwamba mtu akikaa pembeni unanyamaza. Hapo ndipo wiki 7 ziende.

Nianze na kinachotokea baada ya wewe kuzima kamera. Chukua Google, kwa sababu wenyewe wamelieleza jambo hili hadharani kwa miaka mingi. Msaili aliyeongea na wewe hana neno la mwisho. Anaandika ripoti, na ripoti za wasaili wote zinapelekwa kwa kamati ya watu ambao hawajawahi kukuona. Kampuni nyingine zina taratibu zao, lakini karibu zote kubwa zinategemea maandishi ya msaili. Sasa fikiri: umekaa kimya dakika 20, kichwani umepitia njia tatu, mbili umezikataa kwa sababu nzuri kabisa, ya tatu umeiandika. Msaili ataandika nini? Ataandika kwamba ulikaa kimya dakika 20 kisha ukaandika msimbo (code). Zile sababu nzuri hazimo, maana hakuzisikia.

Sisi tumelelewa tofauti. Mbele ya mkubwa unasikiliza, unatafakari kimya, na jibu likishakamilika ndipo unafungua mdomo. Shuleni nako aliyezungumza kwenye chumba cha mtihani alitolewa nje. Ni malezi mema na siyasemi vibaya, ila katika dakika hizi 45 yanakuficha. Nimekaa upande wa msaili kwa miaka minne, na vijana wa kwetu walioniumiza roho hawakuwa wale wasiojua. Walioniumiza ni wale niliohisi kabisa kwamba wanajua, nikawa sina cha kuwaandikia.

Mimi mwenyewe niliangukia hapo. Usaili wangu wa kwanza na kampuni kubwa nilipewa swali, nikaona nimeshawahi kulifanya, nikaanza kuandika bila kuuliza kitu. Dakika ya 25 msaili akaniambia taratibu kwamba swali langu lilikuwa jingine: orodha aliyonipa haikuwa imepangwa, na mimi nilikuwa nimeichukulia kuwa imepangwa. Muda wa kurudi nyuma haukuwepo. Swali moja la sekunde tano lingeniokoa, na nilisubiri mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuomba tena.

Tufanye mfano mmoja kwa ukamilifu, maana maneno matupu hayatakusaidia.

Msaili anasema: una orodha ya uzito wa magunia ya korosho, kwa kilo. Tafuta magunia mawili ambayo uzito wake ukijumlishwa unapata 160.

Usiguse kibodi. Kwanza lirudie swali kwa maneno yako, halafu uliza. Je, orodha imepangwa kuanzia dogo kwenda kubwa? Magunia mawili yanaweza kuwa na uzito sawa? Gunia moja naruhusiwa kulihesabu mara mbili? Jozi isipopatikana nirudishe nini? Orodha ina magunia mangapi, 100 au milioni? Haya maswali siyo adabu ya kupoteza muda. Kila moja linabadilisha msimbo utakaouandika, na msaili mara nyingi ameliacha swali lake na mapengo kwa makusudi aone kama utayaona.

Tuseme amejibu: haijapangwa, uzito unaweza kufanana, gunia moja lisihesabiwe mara mbili, na idadi ni 10,000. Hapo sema njia ya kijinga kwanza, kwa sauti na bila aibu: "Naweza kuchukua kila gunia nikalilinganisha na yote yanayolifuata. Kwa magunia 10,000 hizo ni jozi 49,995,000, karibu milioni 50. Itafanya kazi, ila orodha ikiongezeka mara 10 kazi inaongezeka mara 100. Natafuta njia bora." Kwa sentensi hizo nne umeonyesha kwamba unalo jibu sahihi mkononi, unajua gharama yake, na unajua kwa nini hulitaki. Hata muda ukiisha hapo, ripoti haiko tupu.

Kisha endelea: "Nikishika gunia la kilo 75, sihitaji kuyapitia mengine yote. Nahitaji kujua kitu kimoja tu, kama nimeshawahi kuona la 85. Basi naweka uzito wote niliokwisha kuuona kwenye jedwali la heshi (hash table), ambalo kwa kawaida linanijibu papo hapo bila kujali limebeba vitu vingapi. Napita kwenye orodha mara moja tu. Nalipia kwa kumbukumbu zaidi, na kwa magunia 10,000 hiyo ni gharama ndogo." Muulize kama anakubaliana na njia hiyo, ndipo uandike.

Ukishaandika, usiseme "nimemaliza". Pitisha mfano kwa mkono, mstari kwa mstari, ukitaja kila kigeu (variable) kina nini. Orodha yenye gunia moja la 80 lazima ikose jozi. Orodha yenye mawili ya 80 lazima iipate. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ukilijaza jedwali lote kwanza ndipo uanze kutafuta, lile gunia moja la 80 litajikuta lenyewe na programu itadai kuna jozi. Ukiangalia kwanza kisha ndipo uweke, kosa halitokei. Ukilinasa kosa hilo wewe kabla msaili hajalisema, amepata kitu kizuri cha kuandika.

Umeona kwamba swali lenyewe ni jepesi? Bila shaka limo katika yale 300 yako. Kazi yote iko kwenye kusikika.

Mazoezi yenyewe sasa. Wiki mbili za kwanza, fanya maswali mawili tu kwa siku, na yawe yale uliyokwisha kuyatatua. Washa kinasa sauti cha simu. Eleza kwa Kiswahili, kama unavyomwelewesha mwenzako kijiweni. Najua usaili utakuwa kwa Kiingereza, lakini ukianza na vitu viwili vigumu kwa pamoja, kufikiri kwa sauti na kufikiri kwa lugha ya kigeni, hutajua kipi kimekukwamisha. Usiku sikiliza ulichorekodi. Utasikia vipande vya ukimya. Andika kwenye daftari kila kimya kilichozidi nusu dakika na ulichokuwa ukifikiria pale. Hicho ndicho ulichopaswa kukisema.

Wiki ya tatu hamia Kiingereza, maswali yale yale. Sentensi fupi. Lafudhi isikusumbue, wasaili wenyewe wengi wametoka India, Brazil, Poland, Nigeria, na wamezoea kusikia Kiingereza cha kila namna. Wanachohitaji ni kufuata mawazo yako. Kuanzia wiki ya nne, mara tatu kwa wiki, kaa na mtu: yule rafiki yako, au mhitimu yeyote pale mjini. Hata mtu asiyejua programu anafaa, kwa sharti moja: umemwagiza akukatishe kila ukinyamaza kwa kuuliza "unawaza nini?" Siku ya kwanza utachukia. Kufikia ya sita mdomo utaanza kutangulia wenyewe.

Andika msimbo kwenye ukurasa mtupu usiokamilishia maneno wala kupaka rangi makosa, maana kampuni nyingi ndivyo zinavyokupa. Umeme ukikatika, andika kwenye karatasi. Ni zoezi zuri kuliko unavyodhani. Na tumia lugha ya programu unayoijua hadi usingizini. Kama ni Python, baki na Python. Kujifunza lugha mpya sasa ni kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Kuhusu mada sitakaa sana, maana hizo umeshazipita: orodha na maneno, jedwali la heshi, rundo na foleni, miti, grafu (vituo vilivyounganishwa kwa njia), kutafuta kwa kugawa nusu (binary search), kupanga, programu inayojiita yenyewe. Ninachokuomba ni uweze kueleza kila kimoja kinatumika lini. Kutafuta kwa kugawa nusu kwenye orodha iliyopangwa ya vitu 1,000,000 kunahitaji hatua 20 hivi. Kama orodha haijapangwa, hakufai kitu. Kwa grafu, tumia barabara za kwenu. Kutoka Mtwara kwenda Masasi unaweza kupita Mingoyo, Mtama na Ndanda, au Nanyamba, Tandahimba na Newala. Ukitaka njia yenye vituo vichache, unatafuta kwa tabaka ukitumia foleni: kwanza miji iliyo hatua moja, kisha hatua mbili. Kwa njia hizo mbili utapata sare, hatua nne kwa nne. Ukitaka yenye kilomita chache, foleni ya kawaida haitoshi. Unahitaji foleni ya kipaumbele, inayotoa kwanza kituo chenye umbali mdogo, na algorithimu ya Dijkstra, yaani kanuni ya kutafuta njia fupi. Na kama hukuweka alama kwenye miji uliyokwisha kuipita, programu inaweza kwenda Tandahimba na kurudi Newala bila kikomo. Ukiweza kumwambia hayo mtu aliyekaa mbele yako, grafu umezijua. Yale maswali magumu mno ya kuhifadhi majibu madogo ili kujenga makubwa (dynamic programming), jua matano au sita ya kawaida, inatosha kwa kazi ya ngazi yako.

Sasa korosho, maana hapo umeniuliza kama watakudharau na nimelisoma swali hilo mara mbili kwa masikitiko. Kaka, hiyo ndiyo mali uliyonayo kuliko wote watakaopanga foleni na wewe. Wengine watakuja na mifano ya kutunga waliyoisoma, wewe una mfumo unaotumika na watu wanaoudai pesa zao.

Katika raundi moja huenda ukaulizwa kusanifu mfumo mzima. Eleza unavyofanya kazi Mtwara: tangu msimu wa 2007 korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka AMCOS, inapimwa, inakwenda ghala kuu, inanadiwa, malipo yanarudi kwa mkulima. Msaili hajui lolote kuhusu hayo, na atakusikiliza kwa hamu. Kisha mpeleke kwenye tatizo la kweli. Karani kijijini amepima mzigo, amebonyeza kutuma, mtandao umekatika, hajui kama imefika. Anabonyeza tena. Je, mkulima amepimiwa mara mbili? Suluhisho: kifaa cha karani kinatoa namba ya pekee ya kila upimaji kabla haujatumwa, na seva ikiiona namba ile ile mara ya pili inarudisha jibu la kwanza bila kuandika upya. Kampuni zinazohamisha mabilioni ya dola zinapambana na tatizo hilo hilo kila siku. Wewe umeliishi.

Na upige hesabu, hata za makadirio, ukisema wazi kuwa ni makadirio. "Tuchukulie wakulima 300,000, kila mmoja anatumiwa ujumbe 5 wa simu kwa msimu. Hizo ni jumbe 1,500,000. Msimu ukiwa siku 100, ni 15,000 kwa siku, haifiki hata ujumbe mmoja kwa sekunde. Lakini baada ya mnada hazitagawanyika hivyo. Jumbe 100,000 zikitakiwa kutoka ndani ya saa moja, ni kama 28 kwa sekunde. Kwa hiyo sihitaji seva 50. Nahitaji foleni ya kuzihifadhi zinapofurika, na seva chache za kuzitoa kwa kasi ambayo kampuni ya simu inaruhusu." Watu wengi hukimbilia kuchora seva nyingi kabla ya kujua mzigo ni kiasi gani. Ukianza na hesabu, umeshajitenga nao.

Kuna raundi nyingine ambayo wahandisi wanaidharau na ndiyo inayowaangusha: maswali ya tabia. Nieleze ulipokosana na mwenzako kazini. Nieleze kosa ulilofanya. Amazon, kwa mfano, wanayajenga maswali haya juu ya kanuni zao 16 za uongozi, ambazo wamezichapisha wazi kwenye tovuti yao; kama ndio waliokuita, zisome zote na uandae kisa cha kweli kwa kila moja au kila mbili. Kwa kampuni yoyote, andaa visa 6. Kila kimoja kiwe na hali ilivyokuwa, ulichotakiwa kufanya, ulichofanya, na matokeo yenye namba.

Na hapa malezi yetu yanajitokeza tena. Utasema "tulitengeneza", "tuliamua", "tulirekebisha", kwa sababu kusema "mimi" mbele za watu ni majivuno. Nilimsaili kijana mmoja aliyesema "tulifanya" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza mara tatu: wewe ulifanya nini? Mara ya nne akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mfumo wote aliuandika yeye. Wewe usimsubirishe msaili mpaka mara ya nne. Sema: "Tulikuwa watu wanne. Mimi niliandika sehemu ya malipo, na ni mimi niliyegundua kosa la kupima mara mbili." Wenzako umewapa haki yao, na yako umeisema. Huko siyo kujisifu, ni ushahidi.

Ukikwama, sema umekwama wapi: "Najua nahitaji kupunguza kazi kwenye hatua hii, bado sijaona namna." Msaili akikupa dokezo, lipokee, lirudie, lifuate. Wasaili wengi hutoa madokezo wakitaka ufike, na namna unavyolitumia dokezo nayo inaandikwa. Nimewapa alama nzuri watu walioongozwa kidogo wakafika, kuliko waliokataa kusikia. Ila usitumie akili unde kwa siri wakati wa usaili. Macho yanayosoma pembeni yanaonekana, na kwa ajili hiyo baadhi ya kampuni zimeanza kurudisha raundi za ana kwa ana.

Yabaki ya Mtwara na saa zake.

Mwaliko ukisema 10:00 kwa saa za California, mwezi Julai hiyo ni saa mbili usiku kwako, na Januari ni saa tatu usiku, kwa sababu wenzetu wanasogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Andika muda kwa namna zote mbili, ya kizungu na ya Kiswahili, kisha mwandikie ofisa wa ajira akuthibitishie kwa saa za Afrika Mashariki. Nimeona mtu akiikosa nafasi kwa kusoma 10:00 kama saa kumi.

Mtandao: uwe na laini mbili za kampuni tofauti, zote zina bando, na simu ya pili tayari kugawa mtandao. Lakini kumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania nzima ikayumba. Siku kama hiyo laini mbili hazikuokoi. Kwa hiyo pata namba ya simu ya ofisa wa ajira mapema, na mweleze wiki moja kabla kwamba unaishi mahali ambapo umeme na mtandao vinaweza kukatika. Mwulize kama kutakuwa na njia ya kupiga simu au kupanga siku nyingine. Hakuna atakayekuhesabia ubaya kwa kuomba hilo mapema. Kuomba radhi baada ya kupotea hewani ndiko kugumu.

Jioni ya siku yenyewe weka Luku, chaji laptopu hadi mwisho, na kama nyumbani kuna watoto au msikiti uko jirani sana, omba chumba kwa mtu mwenye ofisi tulivu. Kaa hapo siku mbili kabla, saa ile ile, ujaribu kamera na sauti. Weka karatasi na kalamu mkono wa kuume, na maji ya kunywa.

Kesho anza na lile swali la magunia. Rekodi dakika 45 kwa Kiswahili, uzisikilize mwenyewe, kisha nitumie ile sehemu uliyonyamaza muda mrefu kuliko zote. Nitakujibu ulipaswa kusema nini hapo.